Sungura Sita Katika Kreti Moja

Ukipita Mtongwe jioni, watoto wamekwisha kutoka chuoni na magharibi haijaadhiniwa, utakutana nao njiani wamekumbatia nyasi. Wanakwenda kulisha sungura. Ndivyo ilivyo Shika Adabu, ndivyo ilivyo Mishomoroni na Mtopanga, na ukienda Changamwe utawakuta Chaani na Magongo. Nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, pana kreti au kasha la mbao lililozibwa kwa kipande cha wavu, na ndani yake pua nne au tano zinatetemeka. Kwa watoto wengi wa mitaa yetu huyu ndiye mnyama wa kwanza kuwa wao wenyewe kabisa. Habweki akamsumbua jirani, hali nyama, na bei yake mtoto anaweza kuidunduliza kutoka pesa za Idi.

Ndugu zangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, nawaandikia kwa sababu nimeona wengi wa sungura hao wakifa kabla ya kufika umri wa miezi minne, na nimeona watoto wakiwazika chini ya mwembe bila mtu mzima yeyote kuwaambia kilichotokea. Kilichotokea kinajulikana, na sehemu kubwa yake inazuilika kwa vitu tulivyo navyo nyumbani.

Mimi mwenyewe nilianza na sita. Mchuuzi alinitolea guniani akaniambia wana miezi miwili wote. Wawili walikuwa wakubwa, watatu wa kadiri, na mmoja alienea kiganjani. Nikawatia pamoja katika kreti moja, bakuli moja la chakula, kopo moja la maji, na juu yake nikaweka bati. Ilikuwa Februari, kaskazi imeshika. Wiki ya kwanza nilifurahi kuwaona wamelundikana pembeni, nikasema wanapendana. Wiki ya pili yule mdogo akafa. Siku mbili baadaye akafuata wa pili, tumbo limevimba kama ngoma, manyoya ya nyuma yamegandamana kwa kuhara. Jirani aliyenihurumia akaniambia ni kijicho, nifukize ubani. Nikafukiza. Wakafa wawili wengine. Waliobaki ni wale wawili wakubwa, na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: mbona waliobaki ni hao hao?

Jibu lilikuwa bakulini. Sungura wakiwekwa pamoja hupangana, huyu mbele, yule nyuma, na mpangilio huo haupigi kelele. Mkubwa hahitaji kuuma. Anasogeza bega tu, na mdogo anaondoka. Ukiweka bakuli moja, anayekula kwanza ni mkubwa, na mdogo hula kilichobaki, nacho ndicho kilichokwisha kukanyagwa na kuchafuliwa. Asubuhi unaona bakuli tupu, unashukuru kuwa wamekula. Ni kweli kimeliwa. Hukuona kimeliwa na nani.

Na sungura hasemi. Tumelelewa na hadithi za sungura mjanja anayewapiku fisi na simba, na ingawa yule wa hadithi ni wa porini, jamii nyingine na huyu wetu ambaye asili yake ni Uhispania na Ureno, ujanja mmoja wanashirikiana: kuficha udhaifu. Mnyama anayewindwa hujifunza kutoonyesha ugonjwa, kwani anayeonyesha ndiye anayekamatwa. Kwa hiyo mtoto wa sungura atakaa wima, macho wazi, akitafuna kidogo mbele yako, na kesho yake amekufa. Watu husema alikufa ghafla. Alikuwa anakonda wiki nzima chini ya manyoya yake, na manyoya huficha mbavu vizuri sana. Mpaka umpitishie kidole mgongoni ndipo utakapojua.

Hivi karibuni kijana mmoja wa Bamburi aliniuliza habari za wale mijusi wa madoadoa wanaoonekana kwenye simu, wenye macho kama ya paka, ambao asili yao ni Afghanistan, Pakistan na pande za India. Alitaka kujua kama anaweza kuwafuga wadogo kadhaa pamoja. Nilimwambia kwanza kwamba hapa Kenya kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na hilo linawagusa pia kobe na vinyonga wanaookotwa vichakani. Kisha nikamwambia kile ambacho wafugaji wa mijusi hao huko ng'ambo wamejifunza kwa hasara: wadogo wakikaa chombo kimoja, aliye mkubwa kidogo tu huwapokonya wenzake wadudu, huwang'ata mikia hata ikakatika, na wanyonge hukonda kimyakimya pembeni. Wengi sasa humpa kila mmoja chombo chake. Nikamwambia arudi nyumbani akawaangalie sungura wake kwa jicho hilo. Alirudi baada ya siku tatu akaniambia ana sungura mmoja ambaye hajawahi kumwona akinywa maji.

Tukiwa bado Bamburi, wengi wetu tulimpeleka mtoto Haller Park kumwona kiboko Owen na kobe Mzee. Owen aliokolewa karibu na Malindi Desemba 2004, baada ya tsunami, akiwa ndama aliyepotezana na kundi lake, akaletwa pale, akamganda yule kobe mkongwe kana kwamba ni mamake. Picha zao zilizunguka dunia, nasi tulijivuna. Lakini sehemu ya pili ya kisa hicho haikuchapishwa sana. Owen alikua, uzito wake ukawa tishio kwa Mzee, na walinzi wakalazimika kuwatenga na kumpa Owen kiboko mwenzake, Cleo. Waliwatenga kwa sababu waliwapenda wote wawili. Nakitaja kisa hiki kila mara mzazi anaponiambia, “Lakini hawa wamezaliwa pamoja, vipi niwatenganishe?”

Sasa nije kwenye lile linaloua zaidi, nalo ni kuhara. Kuna vijidudu viitwavyo koksidia, havionekani kwa macho, na vinaishi katika utumbo wa sungura, aina moja hata katika ini. Sungura mzima anaweza kuwa navyo asionyeshe lolote. Wanaoumia ni wadogo, hasa tangu wiki ya nne hadi mwezi wa nne, kwa kuwa miili yao haijajifunza kupigana navyo. Mayai ya vijidudu hivyo hutoka na kinyesi. Na hapa pana jambo ambalo laiti ningelijua mwaka ule: yai likitoka haliambukizi papo hapo. Linahitaji siku moja hadi tatu hivi, pamoja na joto na unyevu, ndipo linaiva. Joto na unyevu, jamani! Pwani yetu imejaa vyote viwili. Lakini maana yake ni kwamba anayeondoa kinyesi kila siku analiwahi yai kabla halijaiva. Anayefagia mara moja kwa wiki amewaandalia sungura wake sumu kisha akawalaza juu yake.

Ndiyo maana nasisitiza sakafu ya wavu wa waya mgumu wenye matundu madogo, kinyesi kidondoke chini, na pembeni kipande cha ubao ili miguu ipumzike isichubuke. Kama sakafu ni ya mbao, weka maranda makavu au nyasi kavu na uzibadilishe kila siku. Jiki haiyaui mayai haya, wala dawa nyingi za kusafishia sakafu. Yanayoyaua ni maji yanayochemka na jua kali, tena jua la kukausha kabisa. Kwa hiyo uwe na vibao viwili vya kulalia: kimoja ndani, kimoja juani. Hii ni kazi ya dakika 10 na mtoto wa miaka minane anaiweza, mradi maji ya moto amwage mkubwa.

Usistaajabu ukimwona sungura akila kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka nyuma yake, mara nyingi usiku au alfajiri. Hicho ni chakula chake cha pili, ndivyo alivyoumbwa kupata vitamini zake. Kibaya ni kile kigumu kinachorundikana sakafuni na kuingia bakulini.

Mkiona mmoja ameharisha, mtoeni siku hiyo hiyo, mumweke mbali, na mmwite daktari wa mifugo au mwende agroveti yenye mtu aliyesomea. Dawa za koksidia zipo na si za ajabu. Ninachowasihi, na hapa naomba mnisikilize kama mnavyomsikiliza mtu wa nyumbani, ni msimpe sungura ile dawa ya maji ya mtoto iliyobaki kabatini. Amoksilini na jamii yote ya penisilini ikipita mdomoni mwa sungura huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, vibaya vikatawala, naye akafa kwa kuhara kulikozidi kule alikoanza nako. Nimemwona mama mmoja akifanya hivyo kwa mapenzi matupu, usiku, kwa kijiko. Hakuwa na mtu wa kumwambia. Vilevile msiwape sungura chakula cha vifaranga vya kuku. Kimetengenezwa kwa tumbo jingine, na aina nyingine zina dawa inayoweza kumdhuru sungura.

Linalofuata ni joto, na hili ni letu hasa sisi wa Mombasa. Vitabu vingi vya ufugaji wa sungura hapa Kenya huandikwa na watu wa bara, na kituo cha serikali cha kuzalishia sungura kiko Ngong, ambako usiku watu huvaa sweta. Wanachoogopa wao ni baridi. Sisi tunaogopa kaskazi. Sungura hatoki jasho kama sisi, joto lake hulitoa kwa masikio. Anastarehe kati ya nyuzi 15 na 25, na zikipita 30 yuko hatarini. Mchana wa Machi hapa kwetu huzipita 30 karibu kila siku, na hapo ni kivulini. Chini ya bati sitaki kutaja. Na kumbuka kila sungura ni jiko dogo: ukiwabana sita katika kreti moja, umewasha majiko sita ndani ya sanduku.

Makuti ni bora kuliko bati. Kama lazima iwe bati, liinue shubiri mbili juu ya kibanda na utandike makuti au magunia juu yake, upepo upite katikati. Kibanda kielekee upepo wa bahari, kisiwe uchochoroni baina ya kuta mbili. Saa sita mchana tia chupa ya maji yaliyoganda, iliyoviringwa kitambaa, nao watalala wameigusa. Lakini tia zaidi ya moja, kwani chupa ikiwa moja, mkubwa ndiye atakayeilalia. Ukiona sungura amejinyoosha, anahema haraka, mdomo umelowa, mpeleke kivulini na umpake masikio maji ya kawaida. Maji ya barafu yatamshtua.

Kuhusu majani nitasema machache. Nyasi ndizo chakula chenyewe, nyingi na kila siku. Matembele wanayapenda na hayawadhuru. Nyasi zilizolowa zinyaushe kwanza. Kisamvu kibichi kina sumu, majani ya mparachichi pia, na ya nyanya na viazi mbatata usiyaguse. Wa Changamwe, tafadhali msikate nyasi za kando ya barabara ya malori, zimekunywa moshi na mafuta. Na mabadiliko yoyote ya chakula yaende polepole, siku saba, leo kidogo na kesho zaidi kidogo.

Halafu kuna mwezi wa tatu wa umri wao. Madume wanaokaribia miezi mitatu huanza kupandana na kupigana, na wanapigana kwa kuumana sehemu za siri. Majeraha yake ni ya kutisha na mtoto hapaswi kuyakuta asubuhi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne hivi, hata kwa ndugu yake, na baada ya siku 31 hivi unaletewa vichanga kutoka kwa mama ambaye mwenyewe bado anakua. Kwa hiyo wiki ya kumi mwite mtu anayejua, awatazame, madume wahame. Simwambii mtu amtenge sungura akae peke yake gizani. Sungura ni mnyama wa ukoo na upweke humnyong'onyeza. Watenganishe kwa wavu, waonane, wanusane, walale kila mmoja upande wake. Majike wawili wa uzazi mmoja mara nyingi hukaa vizuri pamoja kama wana nafasi, na nafasi ninayoisema ni hii: kila mmoja aweze kujinyoosha mzima na kuruka mara tatu bila kugonga ukuta. Wape mabakuli kuzidi idadi yao kwa moja, yakae mbalimbali. Wape boksi la kujificha lenye milango miwili. Likiwa na mlango mmoja, anayefukuzwa hana pa kutokea.

Haya yote mtu mmoja hawezi kuyafanya mtaa mzima, na ndiyo sababu naandika wito.

Nyinyi mnaouza, iwe Kongowea, iwe stendi ya feri au mnaotembeza mlangoni: msimwachishe mtoto wa sungura ziwa kabla ya wiki sita. Najua mdogo hupendeza na hununuliwa haraka. Mwambieni mnunuzi umri wa kweli, na muwauze wa kimo kimoja pamoja. Mteja ambaye sungura wake wamepona ndiye anayerudi.

Mafundi seremala, vile vipande vya mbao mnavyochoma jioni vinatosha kibanda chenye vyumba viwili. Kama mnaweza kumtengea mtoto wa mtaa fungu la mabaki na gunia la maranda makavu, mmefanya kubwa. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa yasiwemo.

Maustadhi na walimu, watoto huwasikiliza nyinyi kuliko sisi. Mnakijua kisa cha yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Sungura aliye katika kreti yuko vilevile kizuizini, na yule mdogo aliyesukumwa kutoka bakulini amefungiwa mara mbili. Waulizeni watoto, mara moja kwa wiki, nani ana mnyama na mnyama huyo amekula nini leo.

Wazazi, nawaomba dakika tano za jioni. Msimwachie mtoto peke yake kazi ya kuhesabu. Kaeni naye mbele ya kibanda wakati wa kulisha, msiondoke mara mkishaweka chakula. Tazameni nani amekuja bakulini, nani amebaki pembeni. Pitisheni kidole mgongoni mwa kila mmoja. Tazameni ndani ya masikio: magamba ya hudhurungi ni ukurutu, unaambukiza kibanda kizima, na daktari anautibu. Sungura mgeni asiingizwe siku anayoletwa, akae mbali wiki mbili angalau. Miguu ya kibanda isimame ndani ya makopo yenye maji, siafu wasipande, na juu pawe na wavu imara, maana kunguru wetu mnawajua.

Na nyinyi wenye maduka, ombi langu kwenu ni dogo kuliko yote, nalo huenda ndilo litakalookoa wengi. Mnayo mizani. Sungura mchanga anapaswa kuongezeka uzito kila wiki. Asiyeongezeka kwa wiki moja ana shida hata kama anatafuna mbele yako, na aliyepungua hana siku nyingi. Jicho haliwezi kuiona gramu 50. Mizani inaiona. Mruhusuni mtoto aje na sungura wake ndani ya kikapu chenye mfuniko, kitambaa kimetandikwa chini ya kikapu ili mizani isichafuke, apime, kisha apime kikapu kitupu na kutoa. Hesabu yenyewe ni darasa.

Mwenye duka mmoja karibu na kwangu amekubali. Kila Jumamosi, saa mbili asubuhi, kabla wanunuzi hawajawa wengi, anaipangusa mizani na kuisogeza upande wa mlango. Nimenunua daftari la kurasa 48, nimelichora mistari: jina la sungura, tarehe, uzito. Linaning'inia kwa kamba kando ya mizani, na kalamu yake. Jumamosi iliyopita walikuja watoto saba na vikapu. Sungura mmoja, mweupe, alikuwa hajaongeza chochote tangu wiki iliyotangulia, na mwenye naye alikuwa anasimama akimtazama kila siku asijue. Jioni ile tulimhamishia chumba chake, na bakuli lake. Wa Kisauni na Changamwe, daftari ni shilingi chache. Nani kwenu ataanza?